Ubao Mdogo, Neno Refu: Mwongozo wa Kutumia Herufi Nyembamba za Mkono

Anayepanda moto (pikipiki) kutoka Butembo kwenda Lubero hupita Musienene kwa dakika chache tu. Kandokando ya barabara kuu namba 2 kuna milango ya chuma, mbao za triplex na kuta zilizopakwa rangi, na kila kimoja kinaomba kusomwa: QUINCAILLERIE, ALIMENTATION, TUNATENGENEZA MOTO, TUNANUNUA KAHAWA. Neno la kwanza lina herufi 13. "Tunatengeneza" nalo lina 13. Kifaransa kina maneno marefu, Kiswahili kinabandika viambishi mbele ya kitenzi, na mlango wa duka unabaki na upana wake uleule.

Mwenye duka ana njia tatu. Anaweza kufupisha neno, na mteja asielewe. Anaweza kuchora herufi ndogo, na mpita njia asizione. Au anaweza kuzibana herufi ubavuni na kuzirefusha kwenda juu. Njia ya tatu ndiyo inayoelezwa hapa, kwa ajili ya mwenye duka anayelipia bango, mchoraji anayeshika pinso, na kijana wa bureautique anayetengeneza mialiko na lebo kwenye kompyuta.

Kwa nini herufi ibanwe?

Kwenye bango, upana huisha kabla ya urefu. Herufi ya kawaida, ambayo upana wake ni kama robo tatu ya kimo chake, hujaza mstari haraka; ikikosa nafasi, mchoraji hulazimika kupunguza kimo pia. Herufi nyembamba hukata upana peke yake. Kimo kinabaki, na kimo ndicho kinachoonekana kutoka mbali.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kutengeneza kwa wingi herufi za mbao za kupigia chapa mabango. Karatasi ya bango ilikuwa na upana maalumu, lakini majina ya meli, ya bidhaa na ya maonyesho hayakuwa na urefu maalumu. Wachonga herufi wa karne ile wakatoa herufi za upana wa kila namna, hadi nyembamba kama mlingoti.

Nchini Kongo kazi hii imekaa zaidi mikononi mwa wachoraji. Chéri Samba, mzaliwa wa Kinto M'Vuila mwaka 1956, alifika Kinshasa mwaka 1972 akafanya kazi kwa wachoraji wa mabango, na mwaka 1975 akafungua karakana yake. Baadaye picha zake zilipotundikwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya, maandishi yalibaki ndani ya picha, kama yanavyokaa kwenye ukuta wa duka.

Tabia ya herufi hizi

Kabla ya kuzitumia, ni vyema kuzijua zilivyo.

Kwanza, husomeka kama safu ya nguzo. Jicho huona mistari ya wima kabla ya kuona herufi yenyewe, kwa hiyo nguzo zisipolingana, neno lote huonekana limelewa.

Pili, zinakula weupe wa ndani. Nafasi iliyo ndani ya A, O, P au R ndiyo inayolipa gharama ya kubanwa. Nafasi hiyo ikizibika, R inageuka nguzo nene na A inageuka kilima. Kanuni karibu zote zilizo hapa chini zinalinda weupe huo.

Tatu, M na W hazikubali kubanwa kirahisi. Kiswahili kinazitumia kila mara: mwalimu, mwenye, wateja, kahawa. Ziachiwe upana zaidi kuliko wenzao.

Nne, mkono unaonekana. Ncha za mistari hazikukatwa kwa wembe, nguzo moja imeegemea kidogo, na kiungo cha E kimepanda au kushuka. Ukiukaji huo mdogo ndio unaoipa herufi uchangamfu. Chukua neno MUSIENENE lenyewe: lina E tatu na N mbili. Mchoraji akizichora kwa mkono, E ya pili haitafanana kabisa na ya kwanza, na neno linapumua. Kompyuta hurudia E ileile mara tatu, na jicho, bila kujua sababu, linatambua kwamba hakuna mkono uliopita pale.

Fonti nne za kuanzia

Kwa anayetumia kompyuta, fonti hizi zinapatikana kirahisi na kila moja ina kazi yake.

- Amatic SC. Imechorwa na Vernon Adams, mbunifu Mwingereza aliyefariki mwaka 2016. Ni nyembamba, ina mstari mwepesi na imechorwa kwa mkono. Ina herufi kubwa, na mahali pa herufi ndogo imeweka herufi kubwa zilizopunguzwa kimo. Ina uzito wa aina mbili, wa kawaida na mzito. Inafaa lebo, mwaliko na jalada. Haifai bango la barabarani.
- Oswald. Ni ya Adams pia. Imenyooka, ina herufi ndogo za kweli na uzito wa aina kadhaa. Haina mguso wa mkono, lakini inasomeka vizuri, nayo ni mshirika mzuri wa Amatic kwenye karatasi moja.
- Bebas Neue. Imechorwa na Ryoichi Tsunekawa wa Japani. Ni ya herufi kubwa tu, safi na yenye nguvu. Inafaa kichwa cha tangazo.
- Impact. Imechorwa na Geoffrey Lee wa Uingereza mwaka 1965, na kompyuta nyingi za Windows huja nayo. Ni nene mno. Weupe wake wa ndani ni mwembamba. Itumike kwa neno moja au mawili, kwa ukubwa.

Tatu za kwanza zinatolewa bure kwa leseni huria ya SIL: zinaweza kuchapishwa kwenye bidhaa za kuuza bila kulipia. Kinachokatazwa ni kuuza fonti yenyewe peke yake.

> ZINAFAA WAPI, ZISITUMIKE WAPI
>
> Tumia kwa: jina la duka au depo, bango la mlangoni, kaliko ya harusi au ya mapokezi, kichwa cha mwaliko, lebo ya pakiti ya kahawa au chupa ya asali, jalada la kitabu, orodha ya vyakula mgahawani.
>
> Usitumie kwa: maelezo marefu kuliko mistari mitatu, namba ya simu, kipimo cha dawa, tahadhari, mwelekeo wa hospitali, karatasi ya wazee wenye macho hafifu.

Sehemu ya pili ya kisanduku hiki ina sababu yake. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulifika Beni, Butembo, Katwa na hata eneo la afya la Musienene. Wakati ule kuta zilijaa maelekezo ya kunawa mikono, dalili za ugonjwa na namba za kupiga. Ujumbe wa aina hiyo unasomwa na mtu mwenye hofu, kwa haraka, pengine gizani. Unahitaji herufi za upana wa kawaida zenye nafasi kubwa kati yake. Urembo ungoje.

Hatua kwa hatua: bango la pinso

Tuchukue mfano wa depo inayotaka kuandika TUNANUNUA KAHAWA NA KAKAO pamoja na namba ya simu. Triplex nzima huwa na sentimita 122 kwa 244. Robo yake, sentimita 122 kwa 61, inatosha.

1. Andaa ubao siku moja kabla. Piga msasa, kisha paka rangi ya msingi pande zote mbili na kwenye kingo. Kingo zikiachwa wazi, mvua ya Lubero itaingilia hapo na matabaka ya triplex yataachana. Paka rangi ya ardhi ya bango, iache ikauke usiku mzima.

2. Tenga pambizo. Acha sentimita 6 kila upande. Eneo la kuandikia linabaki sentimita 110 kwa 49.

3. Gawa mistari. Mstari wa kwanza TUNANUNUA, kimo sentimita 16. Wa pili KAHAWA NA KAKAO, sentimita 16. Wa tatu namba ya simu, sentimita 7. Kati ya mistari acha sentimita 5. Jumla ni 49.

4. Hesabu vipimo. Kipimo kimoja ni unene wa nguzo ya herufi. Herufi I ina kipimo 1. E, F, J, L na T zina 3. M ina 5, W ina 6. Nyingine zote zina 4. Kati ya herufi weka kipimo 1, kati ya maneno weka 3.

 KAHAWA: 4+4+4+4+6+4 ni 26, ongeza nafasi 5, ni 31. NA ni 9. KAKAO ni 24. Nafasi mbili kati ya maneno ni 6. Jumla 70.

5. Gawanya. Sentimita 110 kwa vipimo 70 ni karibu sentimita 1.57. Huo ndio unene wa nguzo. Herufi K, yenye vipimo 4, itakuwa na upana wa sentimita 6.3 na kimo cha 16.

6. Tumia kipimo kilekile mstari wa kwanza. TUNANUNUA ina vipimo 43, yaani sentimita 67.5. Iweke katikati, kila upande zitabaki sentimita 21. Usiivute ijaze ubao, maana unene utabadilika na bango litaonekana kama la watu wawili.

7. Chora kwa kreyo kwanza. Piga mistari ya juu na chini kwa kamba iliyopakwa chaki. Weka alama za vipimo, kisha chora kuanzia katikati ya mstari kuelekea pembeni. Anayeanza kushoto hugundua kosa lake kwenye herufi ya mwisho.

8. Zidisha herufi za mviringo. O, C, G na S zipite mstari wa juu na wa chini kwa milimita 3 hivi. Zikigusa mstari tu, huonekana fupi kuliko jirani zake.

9. Chagua pinso bapa ya sentimita 1.5. Upana wa pinso ukikaribiana na unene wa nguzo, kila nguzo huvutwa mara moja kutoka juu hadi chini. Egemeza mkono juu ya fimbo yenye kitambaa kwenye ncha ili usiguse rangi mbichi.

10. Vuta nguzo zote za wima kwanza. Kisha viungo vya mlalo, mwisho mistari ya mshazari ya N, K, A na W. Amua mapema kiungo cha H na A kikae juu au chini ya katikati, na ushikilie uamuzi huo mstari mzima.

11. Chora namba ya simu kwa upana. Kila tarakimu iwe na upana wa sentimita 5 hivi kwa kimo cha 7, zikiwa katika mafungu. Hapa herufi nyembamba haina ruhusa: mtu akikosea 3 na 8, mteja amepotea.

Faida yake inapimika. Kipimo wanachotumia watengeneza mabango ni sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali wa kusoma vizuri. Mstari huuhuu ungechorwa kwa herufi za kawaida, upana wa sentimita 6.3 ungeleta kimo cha sentimita 8.4 tu, yaani mita 10 hivi. Kwa kimo cha sentimita 16, umbali unafika mita 19. Mtu wa moto anayekwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Bango la kwanza lingempa muda usiofika sekunde moja. La pili linampa karibu sekunde mbili. Punguza kidogo hesabu hiyo, kwa kuwa herufi iliyobanwa husomeka kwa shida zaidi kuliko pana ya kimo kilekile. Hata hivyo tofauti inabaki.

Rangi na jua

Rangi ichaguliwe kwa kuangalia jirani. Barabara nyingi za Kivu Kaskazini zina kuta zilizopakwa nyekundu za Airtel na Vodacom. Herufi nyembamba nyekundu kati ya kuta nyekundu hupotea, na rangi nyekundu ya bei nafuu huwahi kuchujuka juani. Nyeusi juu ya njano, nyeupe juu ya buluu iliyokolea, au nyeusi juu ya nyeupe husimama vizuri. Kumbuka pia vumbi la barabara: ardhi nyeupe ya bango lililo chini ya kimo cha kiuno itakuwa ya udongo baada ya kiangazi kimoja. Bango linaloelekea mashariki au magharibi linapigwa na jua la chini la asubuhi au la jioni, hivyo rangi ya mafuta inayong'aa sana italeta mwako usoni mwa msomaji. Chagua isiyong'aa.

Hatua kwa hatua: lebo au mwaliko kwenye kompyuta na simu

1. Andika ujumbe wote kwanza, kisha teua maneno matatu hadi matano. Hayo ndiyo yatakayovaa herufi nyembamba za mkono. Mengine yapewe fonti ya kawaida.

2. Panga ukubwa kwa tofauti kubwa. Amatic ya pointi 14 ni nywele tu. Kwenye mwaliko anza na pointi 36, uzito mzito. Maelezo yaliyo chini yawe na pointi 10 au 11 kwa fonti nyingine.

3. Ongeza nafasi kati ya herufi kidogo. Nguzo zinazokaribiana sana huungana kwenye mashine ya kuchapa ya bei rahisi.

4. Jaribu lafudhi za Kifaransa. Andika MARCHÉ, DÉPÔT, FAÇADE na uangalie. Alama ya juu inahitaji nafasi ya karibu humusi moja ya kimo cha herufi. Mistari ikibanana, alama ya É itagonga mstari wa juu yake.

5. Vunja mfanano wa herufi zinazorudiwa. Kwenye nembo ya kudumu, geuza maandishi kuwa mchoro na ubadilishe moja ya herufi pacha: shusha kiungo cha E moja, inamisha N kidogo. Kazi hii huchukua dakika tano.

6. Chapa nakala moja kwa ukubwa halisi. Kioo cha simu kinang'aa na kinadanganya. Bandika karatasi ukutani, rudi hatua kumi, soma.

7. Tuma kama faili. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, na mistari myembamba ndiyo ya kwanza kuharibika. Tuma PDF kama hati.

> MAKOSA YANAYOONEKANA MARA KWA MARA
>
> - Kubana fonti pana kwa kuvuta pembe yake kwenye kompyuta. Nguzo za wima hukonda na za mlalo hubaki nene. Chukua fonti iliyozaliwa nyembamba.
> - Kuweka kivuli, mzunguko na rangi tatu kwenye herufi moja. Weupe wa ndani unazibwa.
> - Kuanza kwa herufi pana na kumaliza kwa herufi zilizosongamana ukingoni. Hesabu haikufanywa.
> - Kutumia fonti mbili za mkono kwenye karatasi moja. Zinashindana.
> - Kuchagua fonti inayouzwa kama "ya Kiafrika". Mfano maarufu ni Neuland, iliyochongwa na Rudolf Koch nchini Ujerumani mwaka 1923, ambayo imevishwa majalada mengi ya vitabu kuhusu Afrika. Haikutoka Afrika, na haimwambii mteja wa Butembo lolote kuhusu duka.

Kwa mwenye kulipa

Mchoraji mzuri hutaka mambo manne kabla ya kutaja bei: maneno kamili, ukubwa wa ubao, mahali bango litakapokaa na umbali wa msomaji. Mwandikie maneno kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Kosa la tahajia likigunduliwa baada ya rangi kukauka, mabishano huwa marefu, hasa Kifaransa na Kiswahili vinapokaa ubao mmoja. Lipa sehemu ya fedha mwanzoni, na malizia baada ya kuona mchoro wa kreyo ukiwa umesimamishwa mahali pake, si sakafuni kwenye karakana. Omba rangi itajwe kwa jina na aina, ili marekebisho ya baadaye yalingane.

Orodha ya ukaguzi kabla ya kupaka au kuchapa

☐ Maneno hayazidi matano kwa kila mstari.
☐ Vipimo vimehesabiwa, na unene wa nguzo ni mmoja mistari yote.
☐ M na W zimepewa upana wake.
☐ Weupe ndani ya A, R, P na O unaonekana kutoka upande wa pili wa barabara.
☐ Lafudhi za Kifaransa zipo na zina nafasi.
☐ Namba ya simu imechorwa kwa tarakimu pana, imesomwa na watu wawili na kupigwa.
☐ Rangi ya herufi na ya ardhi zinapishana vya kutosha. Picha ya simu isiyo na rangi inaonyesha tofauti.
☐ Mtu ambaye hajui maneno yaliyoandikwa ameyasoma kwa sauti akiwa umbali uliokusudiwa.

Kisanduku hicho cha mwisho kisirukwe. Mwite mpita njia, msimamishe mita 19 kutoka kwenye ubao, mwombe asome. Akisita kwenye neno moja, rudi kwenye neno hilo na upanue herufi zake kabla rangi haijafunguliwa. Hesabu ya vipimo iandikwe nyuma ya ubao, ili atakayeupaka upya asianze tena kutoka sifuri.